Maji Angavu ya Doña Leocadia

Doña Leocadia alikuwa haamini hata kivuli chake. Nasema hivi kwa haki ya ujirani: ua wangu uko juu ya ua wake, ukuta ni mmoja, na hapa Taxco nyumba zimebebana mlimani hata ukipiga chafya wa chini anakuombea afya. Kila Alhamisi nilipopika pozole ya kuuza, ile supu yetu ya mahindi na nyama, alikuja na bakuli lake, akaninyang'anya mwiko, akaikoroga supu yangu mpaka mahindi ya chini yakaja juu.

"Nyama umeificha wapi, Nicanora?"

"Nimeila yote peke yangu, Doña Leo. Huoni nilivyonenepa?"

Hakucheka. Alikoroga tena. Nilimpenda, Mungu anajua, lakini mara nyingine nilitamani kumpiga na huo mwiko.

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake alikuwa mchimbaji kwenye mgodi wa fedha, na Leocadia alipokuwa mdogo jioni alikwenda kumngoja langoni. Hapo langoni wachimbaji walipekuliwa: vua viatu, fungua kinywa, inamisha kichwa nywele zichambuliwe, pindua mifuko ining'inie nje kama masikio ya mbuzi. Mtoto mwingine angeona aibu ya baba yake, akamchukia mpekuzi. Yeye aliona jambo jingine, na alinieleza bila haya: "Nilijua tu wezi wapo, Nica. La sivyo wangewapekua ya nini?" Ndivyo alivyokua, na ndivyo alivyoingia utu uzima.

Aliolewa na Don Quirino, sonara mpole wa vijiko vya sukari na hereni za maharusi. Mapafu yalipomuua Don Quirino, alimwachia mkewe karakana ya uani, mizani, na Maclovio.

Maclovio alikuwa mtu wa kulehemu. Nyusi zake zilikuwa zimeungua zamani na hazikuota tena, kwa hiyo daima alionekana kama mtu aliyeshtuka, ingawa hakuna kitu kilichomshtua. Alifanya kazi akipiga mluzi. Ndiye aliyemsimamia binti wa Leocadia ubatizo, basi wakaitana komadre na kompadre, na kwetu udugu wa maji ya ubatizo ni mzito kuliko wa damu. Ukimvunjia heshima kompadre wako, hata mbwa wa mtaa wanakukwepa.

Lazima niieleze kazi yenyewe kidogo, maana balaa lilianzia hapo. Sonara akipiga tupa, vumbi la fedha huangukia kwenye ngozi iliyofungwa chini ya meza. Vumbi hilo lina shaba ndani yake na takataka nyingine. Unalitia kwenye tindikali, linayeyuka lote, maji yanakuwa na rangi kati ya buluu na kijani, na fedha huioni tena. Ukitia maji ya chumvi, chumvi hii hii ya jikoni, fedha inajitokeza palepale, nyeupe, mabongemabonge kama maziwa yaliyokatika, na kuzama chini. Shaba inabaki majini. Unamwaga maji, unauosha ule uji mweupe, unaukausha, unauyeyusha pamoja na magadi kwenye moto mkali, unapata donge la fedha safi. Na kila mtoto wa mtaa wetu anajua kwamba uji ule ukisahauliwa juani unageuka zambarau, kisha mweusi.

Don Quirino kazi hiyo aliifanya mwenyewe, Maclovio hakuigusa. Alitia chumvi kidogo, akangoja, akatia kidogo tena, mpaka maji yasipotoa wingu. Hapo aliacha kitu kitulie hadi kesho yake, akauosha uji kwa maji ya kawaida mara chache, basi. Alimwachia mkewe kanuni ambayo masonara wa hapa huisema kama sala: maji meupe yana fedha, maji angavu hayana kitu, mwaga.

Leocadia aliishika kanuni hiyo kwa mikono miwili. Lakini kuacha kitu hadi kesho? Na Maclovio ana ufunguo wa karakana? Hilo halikumwingia akilini. Akaanza kuchemsha ili uji ushuke upesi na amalize siku ileile. Tena alipouosha uji kwa maji matupu aliona maji yanaingia weupe kidogo, akashtuka, akaona fedha inamtoroka. Akatia chumvi. Maji yakaanza kutakata. Akatia nyingine, na nyingine, mpaka chumvi ikakataa kuyeyuka, na maji ya moto yakawa angavu kama machozi. Akafurahi. Tangu siku hiyo akawa anaosha fedha yake kwa chumvi ya moto tu, chungu baada ya chungu, na yale maji angavu anayamwaga kwenye mfereji wa ua.

Donge lililotoka lilikuwa dogo kuliko alivyotegemea.

Alikuja kwangu nalo amelifunga kwenye kitambaa, akafunga mlango wangu, akachungulia chini ya meza kana kwamba mtu angejificha kati ya maboga yangu.

"Litazame, Nica."

"Nimeliona. Donge."

"Zamani donge la mwezi lilikuwa linajaa kiganja. Hili je? Hili ni la mtoto kuchezea!"

"Labda mwezi huu mmepiga tupa kidogo."

"Vumbi nililipima mwenyewe kabla ya kulitia. Nikilitia liko, nikilitoa halipo. Karakana tunaingia watu wawili, mimi na yeye. Mimi sijiibii."

"Doña Leo, yule ni kompadre wako."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Nicanora. Mtu wa mbali angeniibia vipi?"

Ninakiri kwamba nami nilianza kumtazama Maclovio kwa jicho la pembeni. Shaka ni kama moshi wa kuni mbichi, ukiingia nyumba moja unaingia na ya jirani. Mtu anayepiga mluzi siku nzima, ana furaha gani hiyo? Mimi pia nilijiuliza, mimi niliyekuwa nikimpa supu ya bure.

Mwezi uliofuata Leocadia akaongeza chumvi na kuongeza maji ya moto, ili asiache hata chembe. Donge likazidi kupungua. Akaongeza tena. Kadiri alivyoosha kwa uangalifu ndivyo fedha ilivyopotea, na kadiri fedha ilivyopotea ndivyo macho yake yalivyomfuata Maclovio kutoka meza hadi mlango.

Ndipo jioni moja akasimama mlangoni, akamzuia.

"Kompadre, pindua mifuko."

Maclovio alidhani ni utani. "Nina vitobo tu, komadre. Unataka kunishonea?"

"Pindua."

Nilikuwa ukutani kwangu naanika nguo, nikaona yote. Aliacha kucheka. Akapindua mifuko ya suruali, ikaning'inia nje. Leocadia akamwambia akung'ute aproni, akaikung'uta. Akamwambia afungue kinywa. Hapo uso wa Maclovio usio na nyusi ukawa mwekundu hadi shingoni.

"Na kinywa, komadre?"

"Baba yangu alifungua."

Akafungua. Hakukuwa na kitu ila meno. Akaaga kwa adabu, akashuka barabara ya mawe mifuko ikiwa bado imening'inia, na watu waliokuwa wakipanda wakamwona. Tangu jioni ile mluzi ulikoma.

Kila siku alipekuliwa, kila siku hakukutwa na kitu, na hilo halikumpunguzia Leocadia hata kidogo. "Ni mjanja kuliko nilivyodhani," aliniambia. Nikamuuliza, je, akikutwa nacho? "Basi nitajua ni mwizi." Na asipokutwa? "Basi nitajua ni mwizi hodari." Utamjibu nini mtu wa namna hiyo?

Kisha akaona mawe.

Mfereji wa ua wake unaanzia kwangu. Maji ninayooshea mahindi yanapita chini ya ukuta, yanakatiza ua wake, yanaishia barabarani. Asubuhi hiyo nilisikia ukelele nikadhani ameumwa na nge. Nilipochungulia nilimkuta amepiga magoti kando ya mfereji, kidole kimeganda kikionyesha. Mawe ya mfereji, pale ukuta unapoishia, yalikuwa yameshika utando wa zambarau iliyokoza kama bilingani, na kwenye nyufa tope jeusi.

"Unajua hii ni nini?"

Nilijua. Hakuna mtu wa Taxco asiyejua. Ni fedha iliyoonwa na jua.

"Hapa ndipo anapoitia!" Mate yalimruka. "Anaichota kwenye chungu nikigeuka, anaimwaga mferejini, halafu anakuja kuikwangua. Ndiyo maana mifukoni hamna kitu! Ndiyo maana!"

Nami nikasema, "Ama kweli." Ndiyo, nilisema hivyo. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yangu, ungesema nini?

Maclovio alipofika kazini alimkuta komadre wake mferejini, na mimi ukutani, na wapita njia wawili watatu wametia shingo getini. Leocadia hakupunguza sauti. Alimwita mwizi wa mjane. Alimwambia kwamba siku ya ubatizo alimshika mtoto wake kwa mikono michafu. Maclovio aliinamia mawe, akagusa ule utando, akaonja kidole kama masonara wafanyavyo, akatikisa kichwa.

"Ni fedha," alisema. "Lakini sikuiweka mimi."

"Kwa hiyo imetembea yenyewe?"

"Sijui, komadre. Ningejua ningekwambia."

Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza yake. Kabla hajatoka alipindua mifuko yake mwenyewe, bila kuambiwa.

Mji huu unaishi kwa fedha, na mtu akisemwa juu ya fedha amekwisha. Hakuna karakana iliyomfungulia mlango. Walikuwa wanamwambia kazi hakuna, nao huku ndani tupa zinalia. Yule fundi aliyelehemu hereni nyembamba kama unyoya akawa anakaa pembeni mwa soko akiziba ndoo zilizotoboka na sufuria za watu. Mkewe akaacha kuja kununua supu kwangu. Nilipokutana naye kwenye ngazi za kanisa aligeuza uso, na sikumlaumu.

Leocadia sasa alikuwa amebaki na karakana tupu, na bado hakuwa na amani. Alitaka kuona donge kubwa, donge la kumhakikishia kwamba amemfukuza mtu sahihi. Akachagua Siku ya Jumil, Jumatatu ile baada ya Sikukuu ya Marehemu, mji mzima unapopanda mlima Huixteco kutafuta wale wadudu wetu watamu na kula na kunywa hadi jua lizame. Hakungebaki mtu wa kuchungulia.

Mimi goti langu halipandi milima, basi akaja kunichukua. "Utakaa mlangoni unishuhudie."

"Mimi unaniamini?"

"Nitakuwa nakuona," alisema.

Safari hii hakutumia vumbi, maana vumbi mtu anaweza kuchanganya. Alitoa kabatini vijiko vilivyovunjika vya Don Quirino, ambavyo uzito wake aliujua kama jina lake. Akakomea mlango wa ua kwa makomeo yote na kuegemeza benchi. Moshi wa tindikali, wa rangi ya kutu, ukatufanya tukohoe mpaka tukahamia uani na vyungu na jiko. Akatia chumvi, uji mweupe ukashuka mzuri, nami nikampongeza. Kisha akaanza kuosha: maji ya moto, chumvi kwa makopo, koroga, ngoja, mimina pembeni, tena na tena. Maji yote aliyomimina yalikuwa angavu. Mengine aliyamwaga, na chungu cha mwisho akakiacha kando ya jiko. Mwishowe akauyeyusha uji na magadi, akaliweka donge kwenye mizani.

Mkono wa mizani wenye donge ukapanda. Akaweka jiwe dogo zaidi, ukapanda tena.

Alikaa chini. Sijawahi kumwona mtu akiuogopa ua wake mwenyewe. Alitazama makomeo, yalikuwa mahali pake. Alitazama ukuta, paa, mti wa ndimu. Mwisho akanitazama mimi.

"Nica. Uliondoka kwenye kiti?"

"Unasema nini?"

"Nilipokwenda kuchukua magadi. Uliinuka?"

Damu ilinipanda kichwani. "Leocadia, mimi nimekaa hapa tangu asubuhi nakula moshi wako, goti linaniwaka, chakula changu cha jioni sijakianza, na wewe unaniita mwizi? Nipekue basi! Nifungue kinywa? Nivue na sketi? Ondoa benchi lako nitoke!"

Hakuondoa. Nikaamua kuondoa mwenyewe, na njiani kulikuwa na kile chungu cha mwisho kando ya jiko, kimejaa maji angavu, bado yanatoa mvuke. Nilitaka kukisogeza. Kikaniunguza vidole. Kwa hasira nikachukua jagi la maji ya baridi kutoka mtungini nikayamimina ndani ya chungu kizima, nipate kukishika.

Maji yakageuka maziwa.

Siongezi neno. Yalikuwa angavu, mtu angesoma kitabu chini yake, na palepale jagi lilipoingia yakafunga wingu zito jeupe toka juu hadi chini.

Leocadia aliruka. "Umetia nini? Umetia nini humo?"

"Maji!"

"Maji gani?"

"Maji yako! Ya mtungi wako! Onja!"

Alionja maji ya mtungi. Akachota mwenyewe mengine kwenye kisima cha ua, akaninyima hata kuyashika. Akachukua chungu kingine, akachemsha chumvi kali na kidogo cha uji mweupe uliobaki kwenye kitambaa, akakoroga, na kwa macho yetu uji ukayeyuka wote, maji yakawa angavu. Akamimina maji matupu, taratibu. Wingu jeupe likarudi.

Alirudia mpaka jua likaanza kuteremka. Kila mara ilikuwa vilevile. Chumvi kidogo huiangusha fedha. Chumvi nyingi kupita kiasi, tena ya moto, huibeba tena na kuificha ndani ya maji, na maji yanabaki masafi usoni kana kwamba hayajui kitu. Ukiyazimua yanaiachia. Don Quirino hakuwahi kusema hivyo kwa sababu hakuwahi kuwa na shaka ya kutosha kutia chumvi nyingi hivyo.

Alisimama akaenda mferejini, mahali ambapo maji yangu ya mahindi yalikutana na maji yake angavu. Alipapasa mawe ya zambarau. Nilidhani atalia, lakini alisema kwa sauti kavu, kama mtu anayetoa taarifa polisi:

"Mwizi nimemshika. Ni mimi."

Huruma ilinishika, na hasira bado haijanitoka. Nilikumbuka ile "ama kweli" yangu.

Alikwangua mfereji mzima kwa kisu cha jikoni, nami nikamshikia karai. Tope lile jeusi liliyeyushwa, likatoa donge lililojaa kiganja na kuzidi. Jumamosi, soko la fedha lilipojaa, alipanda juu ya kreti la bia katikati ya masonara wote, mwanamke aliyekuwa haongei na watu bila kufunga mlango, akainua donge juu.

"Sikilizeni! Nilisema Maclovio ni mwizi. Nilisema uongo. Fedha yangu niliimwaga mwenyewe kwa mikono hii, kwa maji ya chumvi, kwa ujinga wangu."

"Paza sauti, Doña Leo, viziwi hawajasikia!" mtu mmoja akadhihaki.

"Kwa ujinga wangu!" akapaza. "Na mkitaka kuona njooni nyumbani niwaonyeshe, nyie mnaojidai mnajua maji angavu!"

Walikwenda, na wengi walirudi wamenyamaza. Lakini kwanza alishuka kreti akaenda pembeni mwa soko, alipokuwa Maclovio amekaa na ndoo kati ya magoti. Akaliweka donge mbele yake.

"Ni lako, kompadre."

"Si langu. Nilishasema sikuliweka mimi." Akaendelea kuziba ndoo. "Lakini nimekusikia. Watoto wangu pia wamesikia."

"Utarudi?"

Alimaliza tobo lile, akaijaza ndoo maji, akaangalia kama inavuja. "Jumatatu," alisema.

Jumatatu alirudi. Alilehemu siku nzima bila mluzi. Jioni alipofika mlangoni alisimama, akapindua mifuko yake yote, ikaning'inia, akakung'uta aproni, akafungua kinywa.

"Kompadre, basi," Leocadia akasema. "Nakuomba."

"Kwaheri, komadre," akajibu, akashuka barabara.

Ndivyo alivyofanya kesho yake, na keshokutwa, wiki kwa wiki, bila neno la hasira. Leocadia alimsihi. Alijaribu kuingia ndani saa za kufunga ili asione. Maclovio alimngoja mlangoni hadi atoke. Leocadia alimnunulia suruali isiyo na mifuko, yeye akavaa ya zamani. Mwanamke yule alikonda. "Ananionyesha baba yangu kila siku, Nica," aliniambia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akilia kwa ajili ya baba yake na lile lango.

Mwaka uliofuata mjukuu wa Leocadia alizaliwa, na binti yake akamtaka baba yake wa ubatizo, yule yule Maclovio, amshike mtoto. Alimshika. Jioni ya siku iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha karakana, Leocadia amesimama kando yangu, nikingoja anirudishie bakuli langu, nikasikia mluzi ndani. Nikadhani nasikia vibaya. Maclovio akatoka, aproni begani, mikono inaning'inia, akatupita wote wawili.

"Hadi kesho, komadre. Doña Nica."

Mifuko ilikuwa ndani ya suruali, mahali pake. Akashuka barabara akipiga mluzi.

Nilimgeukia Leocadia nimpe pongezi. Alikuwa amesimama wima, ameinamisha kichwa, anatazama vidole vya miguu yake kama mtoto aliyeadhibiwa, na hakukiinua mpaka mluzi ulipopotea kule chini kwenye kona.

"Amepita bila kupindua! Umeona?"

"Sikuona."

"Mbona ulikuwa unatazama chini?"

"Ili jicho lisinipeleke mfukoni mwake," alisema.

Hivyo ndivyo alivyomuaga kila jioni hadi alipofariki, macho chini. Sufuria yangu aliendelea kuikoroga.